Kona Arobaini na Saba za Mheshimiwa Waziri wa Milima

Katika nchi yetu yote hakuna mtu anayezijua njia za milimani kuliko mimi, Siwatu binti Mkadamu. Silisemi hili kwa majivuno. Nchi yetu haina mlima hata mmoja, wala kilima, wala kichuguu cha maana, na kabla ya mambo haya mahali pa juu kabisa nilipowahi kusimama ni kwenye stuli, nikibadilisha balbu ya jikoni. Hata kwenye hiyo stuli niliteremshwa na watu wawili.

Lakini nilikuwa mpika chai wa Wizara ya Milima kwa miaka ishirini na sita, na mtu hawezi kukaa na mafundi viatu miaka yote hiyo asijue kunusa gundi.

Usiniulize nchi tambarare ina Wizara ya Milima ya nini. Niliuliza mara moja, mwaka wa kwanza, nikaambiwa jirani zetu wote wanayo. Na kazi ilikuwepo, tena nyingi. Kila mwisho wa mwaka maofisa walitoka na magari kumi na mawili, wakaihesabu milima nchi nzima, wakarudi hoi, ripoti ikaandikwa: milima iliyopo, hakuna, iliyopungua, hakuna, iliyoporomoka na kuua raia, hakuna. Hapo Mheshimiwa Waziri alisimama Bungeni akatangaza kwamba kwa mwaka wa thelathini na moja mfululizo, chini ya uongozi wa busara wa Mtukufu Rais, hakuna mwananchi aliyeangukiwa na mlima. Wabunge waligonga meza mpaka glasi zikahama.

Waziri wetu alikuwa Mheshimiwa Daktari Kondo Mwinyipembe. Udaktari alipewa na chuo alichokwenda kukifungulia choo kipya. Mtu mwema, mnene, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Alikuwa na kasoro moja tu, ambayo sisi wa jikoni tuliijua na Bunge halikuijua: alikuwa anaogopa kimo. Ofisi yake ilikuwa ya chini kabisa, na lilipotandikwa zulia la pili juu ya lile la kwanza, siku tatu nzima alitembea ameshika ukuta.

Basi, siku moja Mtukufu Rais akaota.

Rais wetu akiota, ndoto inachapishwa kwenye gazeti la serikali, na siku ya saba inakuwa sheria. Safari hii aliota mawaziri wake wote wamekaa juu ya mkeka, akawauliza wamekalia nini, wakaomba wapewe muda waunde tume. Akaamka amekasirika. Amri ikatoka: kila waziri aende likizo nchi za nje, akakione kwa macho na kukigusa kwa mikono yake kile anachokisimamia. Wa Samaki akazamie. Wa Upepo akarushwe. Wa Milima aendeshe gari mwenyewe, bila dereva na bila msafara, avuke mlima kutoka upande huu mpaka upande wa pili. Akirudi aje Ikulu kutoa ushuhuda mbele ya taifa. Atakayeshindwa, au atakayesema uongo, wizara yake itaunganishwa na Wizara ya Mashimo.

Hapo ndipo tulipotetemeka. Wizara ya Mashimo, ili kuonyesha mfano, ofisi zake zimo ndani ya shimo. Unateremka kwa ngazi ya mbao yenye vipandio sitini na mbili. Mpika chai wao alikuwa mwanamke aliyewahi kuwa mkimbiaji wa timu ya taifa, na bado birika lilikuwa linafika chini likiwa nusu. Mimi nina magoti mawili, na moja limestaafu kabla yangu. Nikajiambia: Siwatu, huyu mtu ataupanda huo mlima, hata kama utakuwa nyuma unasukuma.

*

Kamati ya Kuchagua Njia Nzuri ya Likizo ya Mheshimiwa ilikutana siku kumi na moja. Mwenyekiti alikuwa Katibu Mkuu, Bwana Dihenga, kijana wa miaka hamsini aliyekuwa akivaa miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kuonekana anasoma. Mimi nilikuwa mle ndani kwa sababu ya chai tu.

Nchi ya Milima, iliyo jirani ya jirani yetu, ilikuwa imetuletea kitabu cha wageni chenye picha za rangi. Kule, njia inayopenya katikati ya vilele viwili wanaiita kipito, na kwenye vipito vyao watu hutoka mbali kwenda kuendesha gari kwa raha tu. Kamati ilibakiza vitatu. Cha kwanza, Bega la Mbuzi, kilikuwa na maporomoko ya maji. Cha pili, Kizingiti cha Mawingu, kilikuwa na maua ya zambarau pande zote. Cha tatu kiliitwa Kona Arobaini na Saba.

"Mheshimiwa anataka mandhari," akasema Bwana Dihenga. "Sasa mandhari tutayapimaje?"

Wakatunga Fomu ya Kustaajabu. Kila mjumbe aliitazama kila picha dakika tano, halafu akajaza: mimi fulani bin fulani nimestaajabu kidogo, wastani, au kupita kiasi. Mjumbe mmoja alijaza kupita kiasi kwa picha zote tatu, na pia kwa picha ya jalada, ambayo ilikuwa ya kiwanda cha jibini. Fomu zikalingana sawasawa, kamati ikakwama siku nne.

Siku ya tano wakaleta ramani. Nilikuwa namimina kikombe cha Katibu Mkuu nilipoiona. Bega la Mbuzi lilikuwa mstari mrefu umepinda kiasi. Kizingiti cha Mawingu, vivyo hivyo. Lakini Kona Arobaini na Saba ilikuwa kama uzi uliochezewa na paka, unakwenda huku, unarudi kule, unajikunja hapohapo ulipotoka.

"Huyu mchora ramani alikuwa anaumwa," akasema Bwana Dihenga. "Tazameni mkono unavyotetemeka. Homa hii."

Nisiwacheke. Katika nchi yetu barabara zote zimenyooka. Hazina sababu ya kupinda, hazina cha kukwepa. Mtu wa kwetu akiona mstari umekunjakunja kwenye karatasi, anamwonea huruma aliyeuchora. Basi Bwana Dihenga akachukua rula na kalamu nyekundu, akamsaidia yule mgonjwa: akapiga mstari mmoja safi kutoka chini mpaka juu.

"Kilomita tisa," akasema. "Dakika nane. Vingine ni zaidi ya hamsini. Mheshimiwa ataondoka baada ya chai ya saa nne, na kabla hajajisikia njaa atakuwa ameshavuka."

Wajumbe wakapiga makofi. Mimi birika likanielemea.

"Mwanangu Dihenga," nikasema, "hivi vistari vyembamba vya kahawia hapa pembeni, vilivyobanana kama meno ya kitana, mwalimu wetu alitufundisha vinaitwa kontua. Vikibanana hivyo, maana yake ardhi imesimama kama ukuta."

Bwana Dihenga akavua miwani mmoja.

"Bi Siwatu, ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba, mwanangu."

"Basi ndiyo maana. Milima inaanzia kidato cha tatu."

Wakacheka, hata mimi nikacheka, maana ilikuwa nzuri. Kona Arobaini na Saba ikapitishwa kwa kauli moja. Nami nikaandikwa kwenye safari, kwa kuwa kanuni zetu zinasema kiongozi akiwa ugenini hanywi chai isiyochemshwa na raia wa kwetu. Dereva amekatazwa, mlinzi amekatazwa, mpika chai Rais alimsahau kwenye ndoto.

*

Gari la kukodi lilikuwa dogo, jeupe, safi. Mheshimiwa aliingia akakaa kiti cha nyuma, akangoja. Tukangojana kidogo.

"Mheshimiwa," nikasema, "safari hii ni wewe."

"Ah. Ndiyo. Nilikuwa naanza kwa kulikagua."

Akahamia mbele. Alikuwa hajashika usukani miaka kumi na tisa, lakini ni kama kuogelea, mwili haukusahau: tulizama mara tatu, ya nne tukaondoka. Akaiangalia ile fimbo ya gia.

"Bi Siwatu, hii R ni ya nini? Magari yetu hayana."

Na kweli hayana. Rais wetu wa pili alitamka kwamba Serikali hairudi nyuma, na tangu siku hiyo kila gari la serikali linapelekwa karakana kung'olewa rivasi kabla halijapewa namba. Ndiyo maana nyumba za wakubwa zina mageti mawili, moja la kuingilia na moja la kutokea. Waziri mmoja wa Elimu aliwahi kukosea akaingia kichochoro kisichopenya. Ilibidi nyumba ya kinyozi ivunjwe ili apite, na kinyozi akapewa cheti cha maendeleo.

"Labda ni ya Rais," nikasema.

"Basi tusiiguse."

Kona ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili vilevile. Watu wa kule wanasema Kiswahili kama chetu, ila wanakisema kama wanapanda ngazi, neno moja, pumzi, neno moja, pumzi. Na sasa nikaelewa kwa nini. Ya tano, niliona paa la nyumba tuliyoipita mlangoni muda si mrefu. Ya tisa, niliona paa lile limekuwa kama kipande cha sabuni. Barabara ilikuwa na upana wa gari moja na sahani. Upande mmoja jiwe, upande wa pili hewa.

Mandhari yalikuwepo, sikatai. Mabonde ya kijani, moshi wa majikoni chini kule, ng'ombe wamesimama mteremkoni kama wamegundishwa. Nilitaka kuyastaajabia kupita kiasi, bila fomu. Lakini Mheshimiwa alikuwa ameanza kuhutubia, kama afanyavyo akiogopa.

"Ndugu wananchi," alikiambia kioo cha mbele, "mlima ni rasilimali. Mlima ni fursa. Mlima ni mama, nasema mlima ni..."

Kona ya kumi na mbili tukakutana na pikapu ya kabichi.

Ilikuwa inashuka. Nyuma yake lori la mbolea, nyuma ya lori basi la harusi linapiga tarumbeta. Mahali pa kupishania, kijisehemu kilichochongwa jiweni, palikuwa hatua kumi tu nyuma yetu. Mwenye pikapu, mwanamke wa makamo, kitambaa cheupe kichwani na viatu vya mpira, akatoa mkono akatuonyesha kwa adabu kabisa: rudini kidogo.

Mheshimiwa akapiga honi, kama kwetu, ili watu waingie mtaroni. Hakuna aliyeingia, kwa kuwa mtaro wenyewe ulikuwa mita mia nne kwenda chini.

Yule mama akateremka akaja dirishani. "Karibuni, wageni. Naitwa Mama Nakijwa. Baba, rudi nyuma kidogo tupite."

"Mama," akasema Mheshimiwa, na sauti ilikuwa bado kubwa lakini imechanika pembeni, "mimi ni Serikali. Serikali hairudi nyuma."

Mama Nakijwa akamtazama. Akaitazama ile hewa upande wa pili. "Basi itakwenda chini," akasema. "Hizo ndizo njia mbili zilizopo."

Tarumbeta za harusi zikabadilisha wimbo. Bwana harusi mwenyewe akashuka, akauliza kama kuna msiba. Mheshimiwa akafanya kosa la kugeuza shingo akachungulia chini, na hapo hotuba ikakatika. Akaanza kutokwa jasho kama mtungi, mikono imeng'ang'ania usukani kama mtoto kwenye ziwa la mama. Hakuweza kwenda mbele, hakuweza kurudi, na mimi nilikuwa naviona vipandio sitini na mbili kimoja kimoja.

"Mwanangu," nikamwambia Mama Nakijwa kwa sauti ya chini, "huyu baba akishindwa kufika kule juu, mimi nitabeba birika shimoni mpaka nife. Nisitiri."

Hakuelewa habari ya shimo, lakini aliona magoti yangu. Akamwachia bwana harusi ufunguo wa pikapu. Akafungua mlango wetu. "Baba, sogea nyuma. Nikikuacha hapa kabichi zangu zitaoza na bibi harusi kwenye lile basi ataolewa mwezi ujao."

Nikamvika Mheshimiwa kanga yangu usoni ili asione. Akalala kiti cha nyuma bila kubisha, akiomba apewe kitu cha kushika. Mama Nakijwa akamrushia kabichi moja, akaikumbatia. Mimi nikakaa mbele na chupa yangu ya chai. Yule mama akaigusa ile R, gari likarudi kama limekatwa kamba, likaingia kile kijisehemu sawasawa, misafara ikapita na vigelegele. Halafu akabadilisha gia.

Sijui niseme nini. Alizipanda zile kona kama mtu anayekunja nguo zake mwenyewe. Mkono mmoja usukani, mwingine ananionyesha: kule shule yetu, kule alizaliwa mume wangu, kule alianguka mume wangu, mzima, alivunjika kidole tu. Kutoka nyuma ilisikika sauti ndani ya kanga ikiuliza tumebakiza ngapi, na kila akiambiwa, ilisema "Mola wangu." Kule kileleni kuna kibanda cha mawe cha mzee mmoja anayewagongea wapitaji muhuri kwenye vitabu vyao vya safari. Wa Mheshimiwa niliugonga mimi, maana alikuwa bado hajafungua macho. Kisha tukateremka upande wa pili kwa mwendo ambao miaka sitini na nane sijawahi kwenda, na Mungu anisamehe, nilitoa kichwa dirishani nikacheka kwa sauti.

Chini, Mama Nakijwa akatuaga, akadandia gari la maziwa kurudi kwenye kabichi zake. Mheshimiwa akajivua kanga, akajipangusa, akaitazama kabichi kama ndiyo iliyomkumbatia yeye.

"Bi Siwatu," akasema, "nimeuvuka."

"Umevuka, Mheshimiwa."

"Peke yangu."

Nikamimina chai. Mdomo ukiwa na chai haujibu.

*

Ikulu ilijaa. Mawaziri wengine walikuwa wameshatoa ushuhuda; wa Usingizi alisema hana uhakika kama alikwenda. Bwana Dihenga alikaa mbele na miwani yote miwili, tayari kupongezwa kwa mstari wake. Sisi wafanyakazi arobaini wa Wizara tulisimama ukutani, mimi na chupa ya chai ya Mtukufu.

Mheshimiwa akapanda jukwaani, akishika reli. Alihutubia saa moja na robo. Alieleza alivyoukabili mlima uso kwa uso. Alivyowapisha wanyonge wa kabichi kwa hiari yake. Alivyolitazama lile korongo machoni mpaka korongo likainamisha uso. Akaonyesha muhuri. Mtukufu Rais, mzee mdogo wa mwili mwenye kofia kubwa, akapiga kofi moja, na ukumbi mzima ukapiga yaliyobaki.

"Nimefurahi," akasema Rais. "Tena nina barua yako hapa, imetoka kule kule, Idara ya Usalama Barabarani." Akaisoma polepole. "Gari lililokodiwa kwa jina la Mheshimiwa Daktari Kondo Mwinyipembe lilipita kona ya thelathini na tisa, ya kuteremkia upande wa pili, kwa mwendo wa kutisha. Kwa kuwa ni mgeni, anasamehewa. Picha imeambatanishwa ajionee." Akainua kichwa. "Mwendo wa kutisha! Mwanaume huyu!"

Ukumbi ukalipuka. Nilimwona Mheshimiwa akitabasamu kwa midomo tu. Rais akaitoa ile picha kwenye bahasha, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Kondo. Huyu aliyeshika usukani amevaa kitambaa cheupe kichwani."

"Baridi, Mtukufu. Kule juu ni baridi."

"Na sura ni ya mwanamke."

"Hewa, Mtukufu. Kwenye kimo kile hewa ni nyembamba, uso unasinyaa. Baada ya siku mbili unarudi."

Rais akatafakari. Hajawahi kuona mlima, kama sisi sote, na jambo lile halikuwa geni kuliko ripoti alizozoea kusomewa. Akaitikia kwa kichwa. Wafanyakazi arobaini tukapumua kwa pamoja.

"Na huyu wa nyuma? Amelala, amefunikwa kanga uso mzima, kanga imeandikwa Mwenda Pole Hajikwai, na amekumbatia kabichi."

Mheshimiwa akageuka ukutani, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Huyo ni Bi Siwatu, mpika chai wetu. Mtu mzima, Mtukufu, anaogopa kimo. Tulimfunika kwa huruma."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Rais akaniita kwa kidole. Nikasogea na magoti yangu.

"Bibi," akasema kwa upole, "huyu wa nyuma ni wewe?"

Mimi maisha yangu yote sijapenda uongo, isipokuwa inapobidi. Nikaifikiria ngazi. Nikalifikiria birika. Nikawatazama wenzangu thelathini na tisa.

"Ndiye mimi, Mtukufu. Niliogopa sana."

Rais akaitikia kwa kichwa tena, akaanza kuirudisha picha kwenye bahasha. Ikaingia nusu. Ikasimama. Akaitoa.

"Basi huyu wa mbele," akasema, "aliyetoa kichwa dirishani, kashika chupa ya chai, meno yote nje, ni nani?"

Mheshimiwa alikuwa ameishika ile reli kwa mikono miwili. Rais akanigeuzia picha, nami nikainama nikaitazama, maana sikuwa nimeiona bado.

Kusema kweli, nilikuwa nimetoka vizuri.